Jina Mwishoni mwa Utenzi

Desturi ya tenzi za kale za mwambao haikumwacha mtunzi aondoke kimyakimya. Kisa kilipokwisha, zilifuata beti za tamati, ambamo mara nyingi mtunzi alitaja jina lake, mwaka wa Hijria na idadi ya beti, kisha akawaomba wasomaji wamsahihishe alipoteleza. Wanakili nao hawakujificha: Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya miswada mingi, aliacha jina lake katika kazi za mkono wake. Jina lile halikuwa pambo, bali dhamana.

Yafaa desturi hiyo ikumbukwe katika zama hizi za akili mnemba. ChatGPT ilitolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na haukupita muda makala za kitaaluma zikaanza kuitaja miongoni mwa waandishi. Mwezi Januari 2023 majarida ya Nature na Science yaliukataa uandishi huo. Februari, Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, ikatoa hoja yake: chombo hakiwezi kubeba wajibu wa kazi, hakiwezi kutangaza mgongano wa maslahi, wala hakina uwezo wa kusimamia mikataba ya hakimiliki. Kwa lugha ya watunzi, mtambo wajua kupanga maneno, lakini haujui kutahayari.

Wapo wanaodhani kwamba kutangaza kunatosha. Februari 2024 jarida la Frontiers in Cell and Developmental Biology lilichapisha makala yenye mchoro wa panya mwenye viungo visivyo vya maumbile, na maneno yasiyosomeka pembeni. Waandishi walikuwa wamekiri kwamba michoro iliundwa kwa programu ya Midjourney. Hata hivyo ilipita mikononi mwa wakaguzi na wahariri, na makala ikaondolewa siku chache baadaye. Ungamo lilikuwapo, jicho ndilo lililokosekana.

Si haki, hata hivyo, kuulaani mtambo wote. Mwanazuoni wa Unguja au Mombasa anayelazimika kuandika kwa Kiingereza ili asikike mbali, akiutumia kunyoosha sentensi zake na akaeleza hivyo, hajamdhulumu mtu. Dhuluma huanza anapouomba marejeo asiyoyasoma, nao ukampa jina la kitabu ambacho hakikuandikwa kamwe.

Kwa fasihi ya Kiswahili hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalisalimika kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, na diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940. Miswada mingi mingine haijapigwa chapa hata leo. Ubeti wa kubuni akipachikwa Muyaka ndani ya makala yenye sura ya kitaalamu, msomaji aliye mbali atauthibitisha kwa kipi? Utanukuliwa, utanukuliwa tena, na baada ya miaka ishirini utafundishwa madarasani.

Basi mwandishi wa makala, kabla ya kutia jina lake, na aufungue kila muswada anaoutaja, asome kila mstari aliosaidiwa kuuandika, kisha aseme alisaidiwa wapi. Asiyeweza kusimama mbele ya wajuzi akasema, "Nisahihisheni, kosa ni langu," jina lake lisiwepo mwishoni.