Kurudi Nusu ya Njia

Miaka yote niliyosomesha skuli kazi yangu ilikuwa kuwasahihishia wengine makosa yao. Leo naeleza la kwangu, huenda likawafaa wazee wenzangu ambao watoto wao wamependa milima ya huku ugenini.

Februari moja binti yangu alitaka kwenda Cairngorms, hapa Scotland, na wenzake wawili. Wao hawatelezi kwenye njia zilizotengenezwa. Hubandika ngozi maalumu chini ya skii, wakapanda kwa miguu yao, kisha wakateremka pasipopita mtu. Niliwapeleka kwa gari kutoka Glasgow, mwendo wa saa tatu hivi, nikabaki chini na chupa yangu ya chai.

Haukupita muda wakarudi. Nikahamaki. "Tumetoka kote kule, na adhuhuri haijaingia?"

Akanijibu kwa adabu: "Baba, mlima haujui kama tumetoka mbali. Njoo nikuonyeshe."

Akanipeleka penye tuta fupi, kimo cha kiuno, akalichimba kwa beleshi. Theluji ilikuwa matabaka: juu bamba gumu, chini yake chembe zisizoshikana, kama sukari. Akagonga kwa kiganja mara chache tu, bamba lote likateleza kama daftari juu ya daftari. Huko juu, akasema, walisikia theluji ikiguna chini ya miguu, na ufa ukakimbia mbele yao.

Usiku kucha ulikuwa umevuma upepo wa kusini. Upepo huzoa theluji joshini ukailundika demani, na wao walikusudia kuteremkia demani. Hilo mtu wa pwani hahitaji mkalimani.

Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo iporomokayo zaidi, na mara nyingi anayefukiwa huwa ameianzisha mwenyewe, au mwenzake, kwa uzito wake. Wakati wa baridi hutolewa taarifa ya hatari kila siku, daraja 1 hadi 5. Siku ile ilikuwa 3. Mimi, kwa ualimu wangu, nilihesabu tatu katika tano kuwa amefaulu! Kumbe wengi hufa siku za 3, kwani 4 huwatisha watu wakabaki nyumbani. Kila mmoja wao alichukua redio ya kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomea na beleshi. Lakini vitu hivyo ni vya kumtafuta aliyekwisha fukiwa, na baada ya robo saa tamaa ya kumpata hai hupungua upesi.

Njiani aliniambia kuwa ndiye aliyetamka kwanza, "Turudi," ingawa mwenzake mmoja alisafiri kutoka London kwa ajili ya siku ile. Akaongeza: "Nilikhofu mlima, Baba, na nilikhofu utakavyosema."

Niliona haya. Chuoni tulifundishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Mwanangu alimfunga, mimi nikamlaumu.

Basi wazee wenzangu, mtoto akirudi mapema, msimwulize kwa nini. Mtilieni chai.