Nafasi ya Ekzosi Chini ya Gari la Zamani: Uingereza na Nyumbani

Ekzosi iliyonunuliwa baadaye, ambayo haikuja na gari kutoka kiwandani, ina tabia ya kugusa pasipotakiwa. Hugonga sakafu gari linapoondoka, hukwaruza propela shafti, hupita karibu mno na paipu ya petroli, au hulia chini ya kiti cha nyuma kila tairi zinapopanda tuta. Kwa gari la miaka ya 1960 au 1970, ambalo limekwisha kubadilishwa raba, springi na pengine hata giaboksi, hilo ni jambo la kutarajiwa.

Wenye magari ya aina hiyo Uingereza na wenzao wa Kenya na Tanzania huliendea tatizo kutoka pande mbili tofauti. Uingereza bomba hufika likiwa limekamilika, na kazi inayobaki ni kulirekebisha gari ili bomba lienee. Nyumbani gari huwekwa juu ya shimo kama lilivyo, na bomba hukatwa na kupindwa kulifuata. Kwa suala la nafasi peke yake, njia ya nyumbani ndiyo iliyo sahihi zaidi, hata pale alama za kuchomelea zinapokuwa hazipendezi macho.

Kwa upande wa Uingereza mfano ulio wazi ni MGB, gari la michezo lililotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980. Yalitoka zaidi ya nusu milioni, na vipuri vyake bado vinauzwa kwa wingi. Seti nzima ya ekzosi ya chuma kisichoshika kutu huagizwa na kuletwa mpaka mlangoni. Tatizo ni kwamba jina hilo moja limebeba magari kadhaa. Mwishoni mwa 1967 ilikuja giaboksi mpya, na sehemu ya sakafu inayoifunika ikapanuliwa. Ekseli ya nyuma ya mwanzo iliachwa, ikachukuliwa nyingine yenye umbo tofauti. Mwaka 1974, bampa za mpira zilipoingia, gari liliinuliwa takriban inchi moja na nusu, na mauntingi za injini zikabadilika. Bomba lililopimwa chini ya gari la 1971 halina dhamana ya kukaa vizuri chini ya la 1976, hata kama katalogi imeandika kwamba linafaa yote.

Mwenye gari Uingereza hufanya kazi hii mwenyewe kwenye banda la nyumbani, kwa sababu saa za fundi ni ghali. Anayejua kazi haanzi na bomba. Huanza na mauntingi za injini, kwani raba iliyochoka huacha injini ikae chini na kuinama, na bomba huinama nayo. Hesabu yake ni rahisi: kosa la nusu digrii kwenye flanji ya mbele huwa zaidi ya sentimita mbili mwishoni mwa bomba la mita 2.5. Mtu anaweza kuhangaika siku nzima na mkia wa ekzosi, kumbe ugonjwa uko chini ya injini.

Baada ya hapo vipande vyote hufungwa kwa kulegeza, kutoka kwenye manifoldi hadi mkiani, na hakuna nati inayokazwa mpaka kila kiungo kimezungushwa na kusukumwa mahali pake. Wengi hukosea hapa. Hukaza kila kipande wanapokifikia, makosa madogo yakajumlika nyuma, kisha raba za kuning'inizia huvutwa upande ili kulazimisha bomba likae. Raba iliyovutwa upande hupasuka mapema, na bomba hurudi lilikotaka kwenda tangu mwanzo.

Jeki nayo hudanganya. Gari likiinuliwa kwa kushikwa bodi, ekseli ya nyuma huning'inia, na nafasi kati yake na bomba linalopita juu yake huonekana kubwa. Gari likishushwa, ekseli hupanda. Kwa hiyo kipimo cha kweli huchukuliwa uzito ukiwa juu ya magurudumu, au stendi zikiwa zimewekwa chini ya ekseli yenyewe. Donge la udongo wa kuchezea likibandikwa kwenye bomba mahali pa wasiwasi, kisha gari likaendeshwa polepole juu ya tuta, litaonyesha lilivyobonyezwa.

Joto nalo linadai nafasi yake. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304, ambacho hutumika kwenye seti nyingi nzuri, hutanuka kuliko chuma cha kawaida. Urefu wa mita mbili ukipashwa nyuzi 300 za Selsiasi huongezeka karibu milimita 10. Chuma cha kawaida kingeongezeka kama milimita 7. Ndiyo maana seti mpya ya bei kubwa inaweza kukaa kimya asubuhi na kuanza kugonga gari likishapata moto, ilhali bomba la zamani lililokula kutu halikuwahi kugonga. Injini pia hujipinda kwenye mauntingi dereva anapokanyaga mafuta. Nafasi ya unene wa kidole kuzunguka bomba inatosha sehemu nyingi. Karibu na paipu za petroli na breki inafaa kuwa kubwa zaidi, tena pawe na bati la kukinga joto.

Penye mgusano, suluhisho za Uingereza huwa ndogo na hazidai bomba likatwe: tundu la bolti hupanuliwa kwa tupa, washa huwekwa chini ya kishikio, gasketi nene hushusha flanji kidogo, au kiungo huzungushwa. Kukata huogopwa, na sababu si ya kiufundi. Bomba lililokatwa halirudishiwi pesa.

Nyumbani hofu hiyo haipo. Kwenye gereji za Grogan jijini Nairobi, au Gerezani Dar es Salaam, fundi wa ekzosi huanza na gari lililo mbele yake, na mwaka ulioandikwa kwenye kadi haumsumbui. Ana sababu. Peugeot 504 iliyoko shimoni inaweza kuwa imeinuliwa springi kwa ajili ya barabara ya vumbi, imefungwa bamba la kukinga sampu, na ina injini ya Toyota. Hakuna katalogi inayolijua gari hilo. Hata 504 ambazo hazijaguswa hazifanani chini: saluni nyingi zina diferensha iliyoshikiliwa na bodi, na magurudumu ya nyuma hupanda na kushuka kila moja peke yake, ilhali stesheni wagoni ina ekseli nzima inayopanda yote kwa pamoja. Bomba linalopita salama kando ya ile ya kwanza litagongwa na hii ya pili siku ya kwanza ya kubeba mzigo.

Fundi hushikisha vipande kwa nukta chache za kuchomelea, huangalia, hukata nukta, husogeza, hushikisha tena. Pasipo na mashine ya kupinda, bomba hujazwa mchanga, huzibwa ncha, hupashwa kwa gesi na kupindwa bila kukunjamana. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa, kwani unyevu uliofungiwa ndani hugeuka mvuke na unaweza kurusha kizibo kama risasi. Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, watu huketi viti vya nyuma na mizigo hutiwa kwenye buti. Kipimo hicho, ambacho mwenye MGB hukisahau kwa urahisi, ndicho cha maana zaidi, kwa kuwa gari la nyumbani halisafiri tupu.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye viungo na vifaa. Bomba likichomelewa kuwa kipande kimoja toka mbele hadi nyuma, siku ya kushusha giaboksi litakatwa tena. Lisipokuwa na mahali pa kuachia mtikisiko, manifoldi hupata nyufa. Na bomba la maji lililopakwa zinki, ambalo hutumika kwa sababu linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, hutoa moshi wa sumu linapochomelewa. Betri nayo mara nyingi huachwa imeunganishwa wakati wa kuchomelea, jambo linaloweza kuua altaneta.

Kwa mtu aliye ughaibuni anayetaka kumtumia mzee wake ekzosi ya gari la zamani, seti nzima mara nyingi ni hasara. Nyingi, hasa za Marekani, zimepindwa kwa gari la usukani wa kushoto, na zikifika Mombasa manifoldi inaweza kukutana ana kwa ana na mhimili wa usukani wa kulia. Mabomba marefu pia ndiyo yanayokula nafasi ya mzigo, na ndiyo yatakayokatwa kwa vyovyote. Vinavyofaa kufungashwa ni vile ambavyo gereji hupata kwa shida: gasketi nzuri, flanji, raba za kuning'inizia, kipande cha kunyumbulika na sailensa yenyewe. Mabomba yapindwe huko huko, kwa sharti kwamba fundi aweke flanji mbele na nyuma ya giaboksi, na nati zote zikazwe tena baada ya gari kupata moto mara ya kwanza na kupoa.