Watoto wa Januari

Hapa Kabiria, mtu akiwaka haraka anaambiwa ni tabia ya kwao. Akimwacha mpenzi kabla hajaachwa, ana madharau. Sijasikia mtu akiuliza: Januari 2008 ulikuwa wapi?

Mimi nilikuwa na miaka sita, brathangu kumi. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Kawangware, jirani tu na sisi, mathe alitusukuma chini ya kitanda na kutuambia tusipumue kwa sauti. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Hesabu hiyo ni ya maiti na wakimbizi. Mtoto aliyejifunza kuogopa hodi hayumo.

Mwaka 1998, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walichapisha utafiti uliohusisha maelfu ya watu wazima. Kadiri mtu alivyopitia machungu mengi utotoni, ndivyo uwezekano wa magonjwa na wa kujaribu kujiua ulivyopanda ukubwani. Tafiti nyingine zimekuta machungu hayo kwa wengi wenye tatizo la haiba liitwalo bodalaini: hofu kuu ya kuachwa, hasira za ghafla, kujidhuru. Si kila mtoto aliyeumizwa hufika huko, na si kila aliyefika huko aliumizwa. Lakini akili iliyolelewa kwenye hatari hukaa macho hata hatari ikishaenda.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu sikuweza kukaa ukumbini nikiupa mlango mgongo. Sina jina la daktari la hali hii, na silitafuti kwenye simu. Brathangu naye hubamiza vitu. Mtaa umeshaamua: ni mkorofi.

Manze, tabia na kidonda vinaweza kufanana kwa nje. Marsha Linehan, mwanasaikolojia aliyebuni tiba ya watu wenye bodalaini, alisema hadharani mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa msichana. Kwa hivyo inatibika, na kuelewa chanzo hakumpi mtu ruhusa ya kuumiza wengine.

Mtoto wa brathangu ana miaka mitatu. Mlango ukibamizwa, anaziba masikio na kunyamaza kabisa. Huyo 2008 haimhusu. Wiki hii nimemwambia babake tutafute mshauri nasaha, twende wawili. Hajakubali bado, lakini hajabamiza mlango.