Miguu, joto na prosesa

Wasomaji wangu, leo hifadhidata tuziache kando kidogo. Wengi mmeniuliza kwa nini naandika programu nikiwa hapa Masara, kaunti ya Migori, badala ya Nairobi kama wenzangu niliosoma nao kompyuta chuoni. Jibu ni fupi: nina MS, maltipo sklerosisi kwa kirefu. Kodi ya nyumba Nairobi, juu yake dawa, hesabu zilinishinda. Nilikuwa na miaka 25 nilipopigwa picha ya MRI na kuambiwa.

Kwa wasioufahamu ugonjwa huu: kinga ya mwili inashambulia mielini, ule utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Fikiria waya wa umeme uliochunwa plastiki. Ujumbe wa "inua mguu" unatumwa, ila unafika umechelewa, au haufiki kabisa. Mimi naukokota mguu wa kulia. Nikivuka soko saa nane mchana, jua likiwa kali, wapita njia hudhani nimetoka kunywa chang'aa. Wazee wengine hunong'ona kwamba ni chira. Mama hana subira nao. "Chira gani hiyo inayopungua jioni?" huwauliza.

Swali la mama lina uzito kuliko anavyodhani. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia kwa muda baada ya kufanya mazoezi. Baadaye ikajulikana kwamba chanzo hasa ni joto. Neva iliyochunwa inaweza kushindwa kazi hata joto la mwili likipanda nusu digrii tu. Sisi watu wa tarakilishi tunalijua jambo hili: prosesa ikipata moto inapunguza kasi yenyewe, ikipoa kasi inarudi. Hakuna kilichoungua.

Tatizo ni kwamba kwa miaka mingi madaktari waliwaona wagonjwa wakilegea baada ya mazoezi, wakawashauri wapumzike. Mmarekani Jimmie Heuga, aliyepata medali ya shaba ya kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1964, aligunduliwa kuwa na MS mwaka 1970 na akaambiwa asijichoshe. Alitii, akaona mwili unazidi kuisha. Basi akajipangia mazoezi yake mwenyewe, na mwaka 1984 akaanzisha kituo cha kuwafundisha wengine. Hakupona, aliishi na MS mpaka alipofariki mwaka 2010. Mwaka 1996 Jack Petajan na wenzake wa Utah walichapisha utafiti wa wiki 15: waliofanya mazoezi waliongeza nguvu na pumzi, na ugonjwa haukuchochewa.

Kwa hiyo nina matatizo mawili yaliyovaa shati moja. Kuna neva iliyochunwa, na kuna msuli uliosinyaa kwa kukaa. La kwanza namwachia daktari na dawa (siachi dawa hata siku moja, msije mkanielewa vibaya). La pili ni langu.

Naanza saa kumi na mbili asubuhi, kabla mabati hayajapata moto na kabla mashine za kusaga mawe ya dhahabu hazijaanza kelele. Shingoni naweka kitambaa kilicholoweshwa maji. Nakaa kitini na kusimama bila kushika kitu, mara kumi, napumzika, narudia. Nashika shina la mwembe na kujiinua kwa vidole vya miguu. Kisha mtungi wa lita 5 uliojaa maji, ambao ni kilo 5 kamili. Nani anahitaji jimu? Mwisho natembea polepole hadi barabarani na kurudi, nikiwa na fimbo. Fimbo ilinisumbua moyo mwanzoni. Siku hizi hata siifikirii.

Kila Jumamosi najipima. Kipimo kinachotumiwa kliniki ni kutembea futi 25, karibu mita 7.6, haraka uwezavyo bila kujihatarisha. Nimeichora mistari uani, na programu fupi ya Python inahifadhi sekunde, saa na joto la siku. Januari asubuhi ilikuwa sekunde 8.1. Sasa ni 6.7. Saa nane mchana, mguu huohuo, siku hiyohiyo: 9.4. Namba hiyo ya mchana ilinitisha sana hadi nilipoiona grafu.

Jambo moja la huku kwetu ambalo vitabu vya Ulaya hulipita haraka: malaria. Homa nayo ni joto. Mwezi wa tano niliamka siwezi kusimama, nikadhani ndiyo basi, ugonjwa umeruka hatua. Mama akanipeleka kliniki nikatolewa damu kidoleni, ikawa malaria. Nilimeza dawa, homa ikashuka, na siku ya nne nikafika mwembeni. Dalili mpya ikipita saa 24 na huna homa wala maambukizi, hapo mpigie daktari wako wa neva. Ukiwa na homa, kapime malaria kwanza.

Wiki hii najaribu mtungi wa lita 10. Mguu wa kulia umeanza kulalamika, wa kushoto bado.