Petroli ya Chupa Ilivyoniumbua Usagara

Wadau, kila siku naanika ya wenzangu bila kuwataja majina. Leo naanika yangu.

Kuna bro mmoja ana jina hapa Mwanza, aliniazima IST yake nikamchukue mama Kigongo. Akanipa na elfu 30 ya mafuta. Mimi kwa tamaa nikaipita sheli kama siioni, nikanunua petroli ya kwenye chupa za maji pembeni ya barabara. Elfu 8 iliyobaki nikatia mfukoni.

Wakati wa kurudi, tumefika Usagara tu, gari likaanza kutetemeka kama lina homa, mara likazima. Nikampigia bro: "Sijui limekuwaje." Akanijibu: "Ni yule fundi, juzi tu kalifanyia sevisi. Atalipa yeye!" Nikanyamaza.

Likavutwa mpaka gereji. Fundi mwenyewe kijana wa umri wangu. Akafungua nozeli zote 4, akanielekeza bila kuringa. Ndani ya nozeli kuna koili na sindano. Kompyuta ya gari ikipeleka umeme, koili inavuta sindano, petroli inaruka kwa presha kama ukungu, halafu springi inafunga. Yote hayo ni milisekunde chache tu! Sasa maji au uchafu ukipenya, sindano inashika kutu, inakwama, badala ya ukungu yanatoka matone. Na petroli iliyochakachuliwa na mafuta ya taa inaacha masizi. Ndiyo maana EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, kuwabana wachakachuaji.

Alipofungua buti kutafuta jeki, akakuta chupa yangu moja ya akiba. Akaiinua juani. Juu petroli, chini maji yametulia kabisa.

Hakusema kitu. Mama ndiye aliyeniangalia, akasema: "Na huyu mtoto wa watu ulitaka alipe?"

Nikampigia bro palepale, nikasema yote. Kusafisha nozeli, kumwaga tanki na filta mpya nimelipa mimi, na ile elfu 8 haikufua dafu. Bro kanisamehe, ila funguo hanipi tena. Fundi tunasalimiana, mimi ndiye naona aibu.

Wewe je, ulishawahi kunyamaza mwenzako akibebeshwa msala wako? Dondosha komenti, majina acha.