Nyani Si Babu Yangu

Wahenga walinena: asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nitaisema tu, maana nimechoka. Mama yangu ni mzaliwa wa Kisiwa cha Rusinga, na kila mwalimu wa historia anapotaja binadamu wa kale, darasa zima hunigeukia: "Ati babu yako nyani!"

Hebu tutulie tuyapambanue maneno. Wanaochunguza asili ya mwili wa binadamu huanza na visukuku, yaani mifupa na meno yaliyozikwa ardhini hata yakageuka mawe. Kisha hutazama maumbile. Nyani, kima na tumbili wetu wote wana mkia. Sokwe hana, na binadamu hana. Mkia huo, jamani, ndio mpaka.

Sasa twende Rusinga. Mnamo Oktoba 1948, Mary Leakey alipata huko fuvu la kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita, akiitwa Proconsul. Alitembea kwa miguu minne juu ya matawi kama tumbili, lakini mkia hakuwa nao! Basi huyo si nyani. Sisi na nyani ni kama watoto wa ukoo mmoja waliotengana zamani sana. Hakuna aliyemzaa mwenzake. Wala kiumbe wa Rusinga si mtu: alama kuu ya ukoo wetu ni kutembea kwa miguu miwili, na hiyo ilikuja mamilioni ya miaka baadaye.

Lililonigusa zaidi ni majina. Proconsul lilitokana na Consul, jina la sokwe wa maonyesho huko Ulaya. Mwaka 1993 aina moja ya Rusinga ikapewa jina heseloni, kumkumbuka Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba na akina Leakey kwa miaka mingi. Mwaka 2015 wataalamu wakawaita viumbe hao wa Rusinga Ekembo, neno la Kisuba.

Kisuba ndiyo lugha ya nyanya yangu. Sisi wajukuu tunasema Dholuo, Kiswahili na Kiingereza, Kisuba hatukijui. Kumbe wanasayansi wa nchi za mbali wanatamka neno lake, na sisi wenyewe kimya! Likizo ijayo nitamwomba anifundishe, neno moja moja, kabla lugha yenyewe haijageuka kisukuku.