Posho ya Mpishi

Tabora ina hoteli za chakula, na nyingine ni nzuri tu. Ila mtu aliyehamishiwa hapa kikazi, mwenye chumba kimoja cha kupanga na jiko la kuchemshia chai, hachelewi kuambiwa na majirani: "Unahangaika nini? Chukua namba ya mama yule, anapika." Hakuna bango wala meza barabarani. Namba inatoka mkono hadi mkono. Mimi niliipata kwa fundi cherehani, naye aliipata kwa dereva wa bodaboda.

Utaratibu wenyewe ni huu. Saa tatu asubuhi ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp: "Leo wali maharage na kisamvu, au ugali, mlenda na dagaa." Saa nne oda zimefungwa. Kuanzia saa saba mpwa wake anazunguka Isevya na Cheyo kwa baiskeli, kapu nyuma, hotpoti zimefungwa kwa mpira. Unalipa siku hiyo hiyo, au unaandikwa kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi. Sisi walimu, kama unavyojua, wengi tumo kwenye daftari.

Msinichanganyie mama huyu na mama ntilie. Kwa mama ntilie unakaa kwenye benchi, unaona sufuria, unasema "nitilie hapo na mchuzi," na jina la kazi yake limetokana na sentensi hiyo. Huyu anapikia nyumbani kwake, kwenye jiko lile lile analopikia wanawe, na chakula chako kinatoka sufuria moja na chao. Ndiyo maana kina ladha ya nyumbani. Kisamvu anakiunga kwa karanga, kwa sababu huku bara karanga ndiyo zao letu na nazi ni mgeni anayekuja na gari. Siku moja moja nakuta kipande cha ukoko juu ya wali, maana anajua napenda. Ukoko hauko kwenye bei.

Na mimi hotpoti yake siirudishi tupu. Sisi tuliolelewa na mabibi tunajua kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Msimu wa maembe naweka maembe, mvua zikianza naweka uyoga. Kwa hiyo sijui niuite nini uhusiano huu. Kuna pesa ndani yake, kuna daftari, lakini kuna ukoko na maembe pia. Nilifikiri mchanganyiko huo ni uzuri mtupu, hadi siku aliponiita.

"Mwalimu, wewe unajua maneno. Niandikie tangazo. Nataka kupandisha bei."

Sahani ilikuwa shilingi 2,000, yeye alitaka 2,500. Nilipiga hesabu yangu kwanza, binadamu ndivyo tulivyo: siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 13,000 zinazotoka mfukoni mwangu, na mimi ndiye naombwa kuandika. Nikamwambia tuanze na matumizi ili tangazo liwe na nguvu. Akaleta daftari, tukakaa kwenye mkeka barazani.

Kwa sahani 20 za wali maharage, kilo tano za mchele zinakula 14,000. Maharage kilo mbili, 6,000. Mboga 2,000. Mafuta, nyanya, vitunguu na karanga 5,000. Mkaa 4,000. Maji na sabuni 1,000. Mpwa wa baiskeli 3,000. Jumla 35,000. Akiuza zote anapata 40,000.

"Na wewe je?" nikauliza.

"Mimi nini?"

"Wewe umejiandika wapi?"

Akacheka. "Mimi si ndiyo hiyo 5,000 inayobaki."

Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anamaliza kuosha vyombo saa nane mchana. Saa tisa kwa shilingi 5,000, yaani haifiki hata 600 kwa saa, na hapo ni siku ambayo sahani zote zimeuzwa. Wali ukibaki, wanawe wanakula wali jioni, na ile 5,000 inapungua. Mpwa ana mstari wake. Mkaa una mstari wake. Sabuni ina mstari wake. Mpishi hana.

Nilipokuwa narudi nyumbani neno lililonijia ni posho. Siku hizi posho ni bahasha ya semina, au ile ya waheshimiwa inayopigiwa kelele kila mwaka. Ukivuka mpaka kwenda Uganda, posho ni ugali wenyewe. Lakini katika karne ya 19, njia ya misafara ilipotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi hapa Unyanyembe, na kutoka hapa kwenda Ujiji, posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha siku. Kipimo chake kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, na vibaba vinne vikafanya pishi moja. Richard Burton, aliyefika hapa Novemba 1857 wakati mji ukijulikana kwake kama Kazeh, aliorodhesha vipimo hivyo kwa makini, pamoja na aina za nguo na shanga zilizotumika kununulia. Hongo nayo ilikuwa njiani humo humo: ushuru aliotozwa mwenye msafara na mtemi kabla ya kupita. Leo hongo ni rushwa. Maneno nayo yana safari zake.

Mpagazi wa Kinyamwezi, basi, alihesabiwa: mzigo wake, ujira wake, kibaba chake. Lakini kibaba cha mtama hakiliwi kikavu. Lazima mtu atwange, achote maji, atafute kuni, asonge. Ukisoma vitabu vya wasafiri wale utajua bei ya mtama kijiji baada ya kijiji. Mwanamke aliyeutwanga utamtafuta kwa tochi.

Mmoja ninayemjua kwa jina ni Halima. Alikuwa mpishi wa David Livingstone. Stanley alipofika Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, aliandika namna Halima alivyokuwa akichungulia kutoka jikoni, haamini kama kweli wazungu wamekuwa wawili. Anasema Halima alikuwa na wasiwasi kwamba bwana wake haoni uzuri wa mapishi yake. Sasa kumwona anakula sana pamoja na mgeni kukamfurahisha mno. Stanley aliliandika hilo kama kichekesho. Mimi silioni hivyo. Mpishi yeyote anayepokea hotpoti zilizorudi anazifungua kwanza kuangalia kama chakula kimeisha. Mama wa kwetu anafanya hivyo kila siku.

Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi kadhaa Kwihara, kilomita chache tu kutoka hapa mjini, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Tembe lipo hadi leo, ni makumbusho, na wageni hupelekwa kulitazama. Waliondoka Agosti. Katika shajara yake ya siku hizo za safari kuna habari kwamba Halima aligombana na mwenzake akakimbia, kisha akarudi. Livingstone anamsifu kwa bidii na uaminifu wake, na anaandika kusudio lake: atampatia uhuru wake, na wakifika Zanzibar atamnunulia nyumba na bustani.

Hakufika Zanzibar. Alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Mei 1873. Halima alikuwa miongoni mwa waliosafiri na maiti kurudi pwani, wakapita tena Unyanyembe. Majina ya Chuma na Susi tunafundishwa shuleni, na wanastahili. Halima sikumbuki kama niliwahi kumsikia darasani. Tazama alivyoahidiwa kulipwa: si kwa mwezi, si kwa sahani. Nyumba moja, mwisho wa safari, kwa hisani ya mlaji, na mlaji akafa njiani.

Basi nikarudi kwenye tangazo. Rasimu yangu ya kwanza ilianza, "Wapendwa wateja, kutokana na kupanda kwa gharama za maisha..." Mama akasoma, akanirudishia simu. "Hii ni barua ya serikali, mwalimu. Watu watafikiri nawakatia maji." Akaandika mwenyewe: "Jamani, kuanzia Jumatatu sahani ni 2,500. Mkaa umepanda, na mimi pia nataka kulipwa."

Kundi likanyamaza kidogo, kisha mmoja akaandika: "Mama, lakini si unapikia nyumbani tu? Hulipi hata pango." Wengine wakaweka vikaragosi vya kucheka.

Nilikuwa pale barazani kuchukua hotpoti. Akanionyesha simu, akasema taratibu, bila kupandisha sauti: "Hajui kwamba nyumba hii ni vitumbua." Miaka kumi na moja ya vitumbua na uji alfajiri, kabla ya simu hizi, tofali kwa tofali, bati kwa bati. Halima aliahidiwa nyumba kwa sababu ya upishi. Huyu alijijengea kwa upishi, na sasa nyumba hiyo hiyo ndiyo inatolewa kama sababu ya kumlipa kidogo! Kumbe neno "nyumbani" tunalolitumia kusifia chakula ndilo tunalolitumia kukishusha bei.

Kati ya wateja 20, sita wameondoka. Wawili nawafahamu, hali zao ni ngumu kweli, siwezi kuwalaumu. Tuliobaki ni 14, naye anapika kidogo zaidi na anabakiwa na kama 9,000 kwa siku, karibu mara mbili ya zamani. Anasema mgongo umepata nafuu. Anasema pia kwamba wale sita anawawaza saa saba ikifika, kwamba leo watakuwa wamekula nini. Hilo mimi sina jibu lake, na sidhani kama hesabu yoyote inalo.

Kwenye daftari sasa kuna mstari mpya, chini ya sabuni na juu ya baiskeli. Hakuandika "mshahara" wala "faida." Ameandika "posho ya mpishi." Mwisho wa mwezi nalipa deni langu kwa bei mpya, na maembe napeleka kama kawaida. Nimeacha tu kuyahesabu maembe kama sehemu ya malipo.